Trekta Gani kwa Eka Nane?

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Najua jarida letu kila mwaka huja na mashairi ya mapenzi, visa vya fisi na sungura, na michezo ya kuigiza ambayo mwishoni kila mtu hufa. Mimi leo naomba kurasa chache niongee juu ya chuma. Ndiyo, chuma chenye magurudumu manne na moshi mweusi. Jina lake trekta.

Ukienda kwenye maonyesho ya kilimo pale Kitale, kuna jambo moja ambalo halikosi kunichekesha. Penye trekta kubwa, ile ambayo gurudumu lake la nyuma linamzidi mtu mzima kimo, watu huzingira kama siafu. Wenye eka mbili ndio wa kwanza kupanda kitini kupigwa picha. Kando yake husimama trekta ndogo, safi, imepakwa rangi ikameta, lakini hakuna anayeiuliza hata habari za asubuhi. Wahenga walisema ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, ila nadhani hawakuyasema hayo mbele ya trekta, maana hapo watu hawasikii.

Trekta ndogo ninazozungumzia ni zile zenye nguvu za farasi 20 hadi 50 hivi. Kwa mwenye ngano ya eka elfu moja, hizo ni vitu vya kuchezea. Kwa wengi wetu hizo ni mali ya maisha. Maji ya kifuu bahari ya chungu.

Kwa nini mimi, mwanafunzi asiyekuwa hata na baiskeli, nijishughulishe na mambo haya? Sababu ni kwamba baba yangu anastaafu mwezi wa Desemba, na kiinua mgongo chake kimekwisha kuzaa ndoto. Nyumbani tuna eka kumi na mbili: nane za mahindi, mbili za malisho na matete ya ng'ombe, zilizobaki ni boma na miti. Baba anataka trekta ya farasi 75. Mama naye anauliza, "Na karo ya hawa watatu utailima na hiyo trekta?" Siku moja mabishano yalipochacha baba akanigeukia na kusema, "Wewe si unasoma fizikia? Haya, nipigie hesabu." Basi nikapiga. Hayo mnayosoma hapa ndiyo niliyoyapata, nami nimeyapitia tena na mwalimu wa fizikia ili nisije nikawapotosha.

Tuanze na hili neno farasi. Mhandisi James Watt alikuwa akiuza injini za mvuke kule Uingereza katika karne ya 18, na wanunuzi walitaka kujua injini moja itashika kazi ya farasi wangapi. Kipimo hicho kimebaki hadi leo: nguvu ya farasi mmoja ni wati 746. Mtu mzima akilima kwa jembe siku kutwa hutoa kama wati 75 tu, yaani sehemu moja ya kumi ya farasi. Ukitaka kujua kwa nini nyanya zetu wana migongo iliyopinda, jibu ni hilo.

Lakini tahadhari, kwa sababu farasi wa kwenye karatasi si farasi wa shambani. Kuna nguvu ya injini yenyewe, ambayo ndiyo hupigiwa debe kwenye matangazo. Kuna nguvu inayofika kwenye ule mhimili wa nyuma unaozunguka, mafundi huuita pitio, ambao huendesha mashine nyingine. Halafu kuna nguvu ya kuvuta, inayobaki baada ya gia kula yake na magurudumu kuteleza kwenye udongo. Hiyo ya mwisho mara nyingi ni kama nusu tu ya ile ya injini. Wauzaji wa zamani walitumia mwanya huo kuwapunja wakulima, hata jimbo la Nebraska kule Marekani likapitisha sheria mwaka 1919 kwamba trekta isiuzwe humo kabla aina yake haijapimwa. Upimaji ulianza mwaka 1920. Kwa hivyo mtu akikuambia trekta yake ni farasi 50, muulize, "Wapi? Kwenye injini au kwenye ndoano ya kuvutia?" Akikodoa macho, umeshajua ni mtu wa namna gani.

Sasa tuje kwenye eka zetu nane. Swali ambalo watu huuliza ni, "Nina eka kadhaa, ninunue farasi wangapi?" Hilo peke yake halijibiki. Swali linalojibika ni hili: nina siku ngapi za kumaliza kazi? Kwetu huku mahindi ni ya msimu mmoja, na mvua hutarajiwa kati ya mwisho wa Machi na Aprili. Watafiti wa kituo cha Kitale walionyesha tangu miaka ya 1960 kwamba anayechelewa kupanda baada ya mvua kuanza hupoteza mavuno hata kama ametia mbegu bora na mbolea. Chelewa chelewa utapata mwana si wako. Trekta basi hununuliwa ili kuikimbilia mvua, na mbio hizo zinapimika kwa saa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua upana wa plau kwa mita, zidisha kwa mwendo wa trekta kwa kilomita kwa saa, gawa kwa kumi. Hapo unapata hekta zinazolimwa kwa saa moja kama trekta haisimami wala kugeuka. Kwa vile husimama na kugeuka, chukua robo tatu tu ya jibu hilo. Plau ya visahani viwili (visahani ndivyo zile diski) hukata kama sentimita 60. Ikienda kilomita 5 kwa saa, unapata hekta 0.3, na robo tatu yake ni hekta 0.225. Hiyo ni zaidi kidogo ya nusu eka kwa saa. Eka nane zitachukua saa 14 na kitu.

Plau ya visahani vitatu, ambayo ndiyo baba anaitamani kwa ile trekta yake ya farasi 75, hukata sentimita 90. Kwa mwendo uleule eka nane zitachukua saa 9 na nusu hivi.

Tazameni vizuri hapo. Tofauti ya trekta kubwa na ndogo, kwa shamba letu lote na kwa mwaka mzima, ni saa tano tu! Ukianza kulima saa moja asubuhi, hizo ni saa tano za kabla ya chakula cha mchana. Nilipomwonyesha baba alinyamaza kidogo, kisha akasema haro je? Nikapiga ya haro pia. Haro ndogo ya upana wa mita 1.4, ikienda kilomita 6 kwa saa, humaliza eka nane kwa saa tano hivi. Kulima na kupiga haro mara moja, jumla ni saa ishirini. Dereva akifanya kazi saa sita za maana kwa siku, siku nne hazifiki. Na kati ya Januari na Machi sisi tuna wiki nyingi za kiangazi.

Nyongeza kidogo hapa. Hiyo robo tatu niliyoitumia ni ya shamba lililokaa kama uwanja wa mpira. Shamba letu limenyooka, asante kwa babu. Ikiwa lako limekatwakatwa vipande virefu vyembamba baada ya ugavi wa urithi, au lina visiki na vichuguu katikati, trekta hutumia muda mwingi kugeuka kuliko kulima. Hapo ndipo trekta ndogo yenye kona fupi huishinda kubwa waziwazi. Nimewahi kuona trekta kubwa ikigeuka katika kipande cha nusu eka: ilikanyaga viazi vya jirani upande huu na ua wa jirani upande ule, na kazi ya nusu saa ikamalizikia kwa chifu.

Basi tuseme plau ni ya visahani viwili. Sasa itavutwa na farasi wangapi? Hili si swali la eka kabisa. Ni swali la udongo.

Udongo hukataa kukatwa, na ukataaji wake hupimwa kwa nyutoni kwa kila sentimita ya mraba ya udongo unaopinduliwa. Plau yetu ina upana wa sentimita 60 na tuseme inaingia chini sentimita 20. Hizo ni sentimita za mraba 1,200. Udongo wa wastani, kama huu wetu mwekundu ukiwa na unyevu kidogo, hudai kama nyutoni 5 kwa kila moja. Kani yote inakuwa nyutoni 6,000. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, ambao ni mita 1.39 kwa sekunde, nguvu ni wati 8,300 na ushei. Gawa kwa 746: farasi 11. Kumbuka kwamba nusu ya nguvu ya injini hupotelea njiani, kwa hivyo injini iwe na farasi 22, na ya akiba juu yake kwa ajili ya mlima na mizizi. Farasi 25 hadi 30 zinatosha.

Mhamishe sasa mtu huyohuyo na plau yake ileile akalime udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa tambarare za Kano au Athi, unaonata kama ugali kwenye mwiko ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka. Huo unaweza kudai nyutoni 9. Piga tena: farasi 20 kwenye ndoano, 40 kwenye injini. Eka ni zilezile, plau ni ileile, lakini trekta si ileile. Ndiyo maana nasema asikudanganye binamu yako wa mkoa mwingine kwamba trekta yake ndogo "inalima vizuri sana". Inalima vizuri huko kwake. Wewe chukua jembe, chimba mashimo matano shambani mwako mwezi wa Februari, uone jembe linaingia vipi. Mikono yako itakuambia mengi kuliko karatasi za matangazo.

Hapa wengi wangesimama wakasema, haya, farasi 30, twende dukani. Ngojeni kwanza, kuna jambo ambalo hata wauzaji wengine huliruka: uzito.

Trekta haivuti kwa injini. Injini huzungusha magurudumu tu. Kinachovuta ni magurudumu kushika udongo, na yanashika kwa sababu kuna uzito juu yake. Kwenye shamba, trekta inaweza kuvuta kama asilimia 40 hadi 45 ya uzito ulio juu ya magurudumu yanayoendeshwa. Zile nyutoni 6,000 zetu ni sawa na kuvuta kilo 600 hivi. Ukigawa, unahitaji kama kilo 1,400 juu ya magurudumu hayo. Sasa ziko trekta ndogo za farasi 25 zenye kilo 900 tu. Hata kama magurudumu yote manne yanavuta, haiwezi kupita kilo 400 za kuvuta. Injini italia, moshi utapanda mbinguni, na magurudumu yatachimba mashimo palepale. Si kwamba imekosa farasi. Imekosa kilo.

Ndiyo maana watu hutia maji ndani ya magurudumu na kufunga vyuma vizito mbele na kwenye ringi. Ukitaka kujua kama trekta inateleza kupita kiasi, fanya hivi: chora alama ya chaki kwenye gurudumu la nyuma, endesha bila kulima, pima mwendo wa mizunguko kumi. Kisha shusha plau, lima, upime mizunguko kumi tena. Kama mwanzo ulikwenda mita 40 na sasa ni mita 35, hapo uko sawa. Ikiwa ni 30 au chini, robo ya dizeli yako au zaidi unaichoma kwa kusugua udongo. Kuteleza kwa asilimia 10 hadi 15 ni kawaida. Jaribio hili halina gharama, na muuzaji mwaminifu hatakukatalia ulifanye kabla hujatoa senti yako.

Uzito nao ukizidi ni balaa nyingine. Trekta nzito ikipita juu ya udongo uliolowa huushindilia chini kama sakafu ya zege, pale ambapo plau haifiki. Mizizi ya mahindi ikifika hapo hugeuka na kutambaa kando. Msimu wa kwanza huoni kitu. Msimu wa tatu unaanza kulaumu mbolea.

Ukiunganisha hayo yote, nguvu na kilo, shamba kama letu linaangukia kwenye trekta ya farasi 35 hadi 45 yenye tani moja na nusu hivi. Na hapa ndipo nilipocheka peke yangu prepu, hata kiranja akanitazama vibaya. Maana hiyo si kitu kigeni hata kidogo! Ndiyo Massey Ferguson 135, trekta iliyoanza kuundwa mwaka 1964, ya farasi 45 hivi na uzito wa karibu tani moja na nusu, ambayo wazee wa huku wameizoea kama shati la kazi. Wala wazee hao hawakupiga hesabu yoyote ya nyutoni. Walijua tu kwamba inafaa. Na faida yake nyingine ni kwamba spea zake huzikosi mjini, na kila fundi wa chini ya mti anaijua kama anavyojua jina la mama yake. Trekta mpya ya kigeni yenye rangi za kuvutia, lakini ambayo chujio lake la mafuta husubiriwa wiki tatu, ni ndogo kuliko jembe wiki hizo tatu.

Nisiwasahau wenzangu wa mikoa mingine, maana najua mmetoka mbali. Kwa mwenye kahawa kule Kirinyaga au Kiambu, kahawa ya zamani ilipandwa futi tisa kwa tisa, ambayo ni mita 2.7 hivi. Toa matawi yanayotanda pande zote mbili, njia inayobaki ni nyembamba. Yeye asianze na farasi wala kilo. Achukue kamba akapime njia hiyo, kisha atafute trekta nyembamba itakayopita bila kuvunja matawi. Kwa mwenye mpunga wa Mwea, kazi ni kuvuruga tope, na huko kuna zile trekta za mkono za magurudumu mawili, za farasi kumi na kitu, ambazo mwendeshaji hutembea nyuma yake. Na kwa mwenye robo eka kule Vihiga au Kisii, trekta inayofaa ni sifuri. Sisemi kwa dharau. Hakuna hesabu itakayoilipa, na mtu akikuuzia moja kwa mkopo basi huyo anauza mkopo, hauzi trekta.

Yako na mambo mengine ambayo lazima yaingie kwenye mizani. Trekta haimalizi mwaka ikilima. Ile pitio ya nyuma, inayozunguka mara 540 kwa dakika, inaweza kuendesha mashine ya kukatakata majani ya ng'ombe, ya kupukuchua mahindi, au pampu ya maji. Kwa hizo, trekta ndogo yatosha kabisa, na kubwa inapoteza dizeli bure. Rotaveta ya upana wa mita 1.2 inataka farasi 25 hivi au zaidi. Trela nayo ni habari tofauti. Trekta nyepesi inaweza kuivuta trela yenye magunia thelathini ya kilo 90 kwenye tambarare, tena vizuri. Tatizo ni kushuka. Tani mbili na zaidi zikianza kuisukuma trekta ya kilo 900 kutoka nyuma, breki haziwezi kuizuia, na dereva hana la kufanya ila kusali. Wenye mashamba ya miteremko ya Cherangani walitie hili akilini. Na kwa miteremko hiyohiyo, msinunue trekta isiyo na fremu ya kinga juu ya kiti, na mkanda ufungwe. Trekta nyembamba iliyoinuka hupinduka upesi sana, wala haitoi onyo.

Na lango! Pimeni lango. Pimeni na kibanda itakapolala.

Haya, tumefika kwenye pesa, ambako ndiko mama alikuwa akitungojea tangu mwanzo. Nitatumia bei za mfano. Kila mmoja aweke za kwao. Tuseme kukodi trekta ni shilingi 4,000 kwa eka kulima na 2,500 kupiga haro. Kwa eka nane ni shilingi 52,000 kwa mwaka. Tuseme trekta ya farasi 40 na plau na haro yake vimefika milioni moja na nusu. Gawa. Ni karibu miaka 29. Bado hujatia dizeli, bado hujalipa dereva, bado hujabadilisha gurudumu hata moja. Kwa farasi 75 sikuipiga hata. Baba mwenyewe aliniambia niache.

Jirani yetu mmoja ambaye sitamtaja aliichukua kubwa kwa mkopo, kwa shamba la eka kumi. Miezi miwili ya kwanza alikuwa mfalme wa kijiji. Harusi ikitokea, trekta ipo. Mazishi, trekta ipo. Lakini malipo ya mkopo ni ya kila mwezi, na mahindi ni ya mara moja kwa mwaka. Mwaka wa pili walikuja wenyewe kuichukua asubuhi na mapema, watoto wakiwa wamesimama na sare za shule wakitazama. Plau waliiacha kwa sababu ilikuwa imezama kwenye majani. Iko hapo hadi leo, kuku wanatagia chini yake.

Mama aliposikia miaka 29 alidhani amekwisha kushinda. Lakini hesabu ina upande wa pili, na haki iko hapo pia. Tuseme nusu ya ile 6,500 huenda kwenye dizeli, dereva na matengenezo, na nusu inabaki. Ni shilingi 3,250 kwa kila eka. Ukitaka milioni moja na nusu irudi kwa miaka minane, lazima kila mwaka upate 187,500, yaani ulime eka 58. Nane ni zetu. Kwa hivyo tunahitaji eka hamsini za majirani. Je, trekta ya visahani viwili inaweza? Kwa kila eka ni saa mbili na nusu hivi za kulima na kupiga haro, jumla saa 145. Hizo ni siku 24 za kazi. Kati ya Januari na Machi inawezekana, hata ukihesabu Jumapili za kanisani na siku za kuharibika. Si lazima kuwa na farasi 75 kwa hilo.

Nilichogundua hapo kilinishangaza mimi mwenyewe. Ukubwa wa trekta tunaohitaji haukuamuliwa na shamba letu hata kidogo. Shamba letu peke yake linasema, kodini. Ni majirani ndio wanaoamua kama tutanunua, na vishamba vyao vidogo, eka moja hapa, eka mbili kule, ndivyo vinavyosema iwe trekta fupi inayogeuka upesi. Kununua kwa pamoja, watu kumi na trekta moja, nako kunawezekana, ingawa mimi nina shaka nako kidogo. Mvua ikinusa tu, wote kumi wataitaka Jumatatu ileile.

Baba hakuchukia. Alichukua daftari langu la zamani la jiografia, lile lenye kurasa nyingi tupu, akaanza kuzunguka jioni jioni baada ya kazi. Haulizi watu wanaionaje trekta. Anauliza, "Mwaka huu ulilimiwa eka ngapi, ulilipa kiasi gani, na mimi nikija nitakulimia?" Akikubali, jina linaandikwa na eka zinaandikwa. Mama amesema siku daftari litakapofika hamsini, yeye mwenyewe atakwenda kuipima trekta kwa chaki. Nilipotoka nyumbani kuja kufungua muhula, lilikuwa limefika eka 31. Baba anasema Desemba bado iko mbali.